Kibaba cha Mfuto

Nimesoma mpaka nusu ya darasa la saba. Watu wananiambia, sema tu la saba, nani atakuuliza cheti? Siwezi. Nimekaa sokoni miaka mingi, najua kilo isiyotimia ina jina lake, na jina hilo si kilo. Kwa hiyo nasema nusu, na anayetaka kucheka acheke.

Tulikuwa tunaishi Nkuhungu, vyumba viwili vya kupanga: mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati ninaouzungumzia alikuwa na mwaka na kidogo. Baba alikwenda machimboni Mererani mdogo wangu akiwa bado tumboni. Miaka ile kila mtu alikuwa anakwenda mahali. Ilikuwa enzi ya ruksa, serikali imelegeza biashara. Aliahidi kurudi na jiwe la buluu la thamani. Hatukuliona jiwe wala hatukumwona baba, na mama alikuwa akisema kwamba angepewa achague kati ya hivyo viwili, angechukua jiwe.

Upande wa baba ni watu wa mjini, Waislamu wa Dodoma tangu siku za misafara. Babu wa babu alikuwa anapita tu hapa na mzigo wake wa nguo, punda akamfia. Akauza mzigo kwa hasara, akaoa, akabaki. Ukoo mzima tangu hapo unajaribu kuirudisha hasara ile. Bibi yangu, mama yake baba, alinifundisha kupima kabla sijafundishwa kusoma. Kibaba cha tele, aliniambia, ni kile kilichojaa mpaka kikaota kilima juu. Kibaba cha mfuto ni kile ambacho mtu amepitisha kiganja juu yake, kikawa sawa na mdomo wa kopo. "Ukinunua, dai tele. Ukiuza, futa. Na ukihesabu, rudia, maana mara ya kwanza mtu huhesabu anachokitaka." Alikufa kabla ya mambo haya, nashukuru. Angekasirika sana na asingejua amkasirikie nani.

Mama alishona maturubai ya malori katika karakana ya shirika moja la umma kule Kizota. Nyuma ya uzio wa karakana kulikuwa na kituo cha kulelea watoto. Shirika lilitoa jengo, halmashauri ikatoa unga, maharage na mshahara wa mlezi. Mzazi alitoa mtoto. Hayo ndiyo yalikuwa masharti yote, na hakuna aliyeona ajabu. Tulikichukulia kituo kama tulivyoichukulia reli: ipo, itakuwepo, ilijengwa na watu wasiotuhusu.

Kazi yangu ilikuwa kumfunga mdogo wangu mgongoni asubuhi, kumfikisha kituoni, kisha kukimbia shuleni. Mchana nilimpitia. Kati ya kumwacha na kumchukua nilikuwa mwanafunzi kama wengine, mikono mitupu, mgongo mwepesi. Ni starehe ambayo sikujua kuwa ni starehe.

Mlezi alikuwa mama wa Kigogo wa makamo, kutoka kijiji kimoja mbele ya Buigiri. Watoto walimwita Bibi, na sisi wakubwa tukamwita hivyohivyo. Alikuwa amefunzwa ulezi kwa wiki chache tu, zamani, na kutoka mafunzo yale alikumbuka nyimbo. Mengine alikuja nayo mwenyewe. Miezi ya baridi aliwapanga watoto kwenye ukuta wa mashariki, migongo ukutani, wakiota jua kama mijusi. Uji ulipikwa kwenye sufuria moja kubwa, wa uwele au wa mahindi, na vikombe vilikuwa vya aina moja, vya bati la buluu. Kulikuwa na sheria moja: mtoto haji na chakula cha nyumbani. Mama mmoja aliwahi kumfungia mwanawe andazi kwenye leso. Bibi alilikata vipande vidogo, kila mtoto akapata ukubwa wa ukucha.

"Ukishamvusha mlango huo," alimwambia yule mama jioni, "si wako tena mpaka nikurudishie."

Mama yangu alisoma mpaka darasa la nne. Mimi nilipoingia la saba akaanza kuwaambia watu wasiomuuliza: "Huyu atafanya mtihani." Hakusema atafaulu. Mama hakuwa mtu wa kuuza ngozi kabla ya mnyama kuchinjwa. Alitaka tu mtu mmoja wa nyumba ile akae mbele ya karatasi ya mtihani wa la saba, aigeuze, aisome. Na sote wawili tulijua, bila kuambiana, mtihani huo umesimama juu ya nini. Mama akiacha kazi hatuli. Kituo kikifa, mtoto ana mgongo mmoja tu wa kukaa, na mgongo huo ni wangu.

Mwanzoni mwa mwaka ule aliletwa bwana mmoja kutoka halmashauri kuzungumza na wazazi wa kituo. Alikuwa mtu mpole, hakutufokea. Alieleza kwamba hali ya uchumi imebadilika, shirika linatafutiwa mnunuzi, na unga wa kituo pamoja na mshahara wa mlezi havipo tena kwenye fungu.

"Ndugu wazazi," alisema, "serikali haijajitoa. Serikali inawashirikisha."

"Tunashirikishwa kwenye kula au kwenye kutoa?" mama yangu aliuliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Bwana yule naye akacheka, akaangalia saa, akaondoka. Wazazi wakachagua kamati, na kamati ikaamua: kila Jumatatu, kila mzazi alete kopo moja la unga kwa kila mtoto aliyenaye, lile kopo la mafuta ya kupikia lililokuwa jikoni kwa kila mtu. Mlezi angepewa chochote ambacho watu wangejaliwa. Alipoulizwa kama ataweza kwa masharti hayo, Bibi alisema, "Watoto wamenizoea," akarudi kwenye sufuria yake.

Miezi hiyohiyo shuleni kulikuwa na michango juu ya ada: wa dawati, wa mlinzi, wa karatasi za mtihani wa majaribio. Asubuhi tulisimamishwa tusiolipa, na waliokaa walitutazama kwa huruma ya watu ambao zamu yao inakuja. Mama alilipa yangu kabla ya kununua kandambili zake. Nilimwambia tuombe tulipe kidogokidogo. "Huo mchango wa dawati," akasema, "lipa wote. Sitaki ukalie nusu."

Jumatatu ya kwanza kituoni wazazi walileta tele. Unga ulimwagika njiani, ukamwagika mlangoni, Bibi akaukusanya mkekani kwa kiganja. Uji wa wiki ile ulikuwa mzito, kijiko kinasimama. Kamati ikatembea kifua mbele. Wiki mbili tatu hivi baadaye niliona kiganja cha kwanza kikipita juu ya kopo. Sikuona vibaya, ni haki ya mtu kufuta. Lakini aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari naye aliona, na wa nyuma yake, na Jumatatu iliyofuata makopo yote yalikuwa ya mfuto. Halafu yakaja makopo yaliyobonyea tumboni. Halafu unga wenye pumba. Kila mtu alikuwa akimpima mwenzake na hakuna aliyekuwa akiiba. Kila mmoja alikuwa tu hataki kuwa yeye ndiye aliyepunjwa. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Hawakusema kikishajaa kinalisha wangapi.

Mvua nayo mwaka ule ilikatika mapema. Uwele uliungua shambani ukiwa magotini, na bei ya unga sokoni ikawa inabadilika kati ya asubuhi na alasiri. Wakaanza kuja wazazi wenye mtoto mkononi na bila kopo. Walimsukuma mtoto ndani haraka, wakageuka kabla ya kusalimiwa. Kamati ikakaa tena, ikatoa sheria: mtoto asiye na kopo hapewi kikombe.

Bibi hakubishana. Aliongeza maji. Na maji yenyewe Dodoma ni ya kununua, kwa dumu, kutoka kwenye mkokoteni. Sijui aliyapataje.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, upepo ukichapa vumbi jekundu kwenye mabati, nilifika na mdogo wangu nikakuta akina mama wameizunguka sufuria. Mwenyekiti wa kamati alikuwa karani wa stoo pale karakana, mwanamke nadhifu mwenye funguo kiunoni, na mwanawe alikuwa rika moja na mdogo wangu. Alikuwa ameshika upawa. Aliuinua, akaumimina uji kutoka juu, wote tukautazama unavyoteremka.

"Bibi, huu ni uji au suuzo la sufuria?"

"Ni uji, mama."

"Unga wetu unakwenda wapi?"

"Tumboni."

"Tumboni kwa nani? Wangu jana amerudi analia njaa. Na kopo nimeleta."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kutaka kusikika bila kuonekana, "Tuangalie na kwenye kifurushi chake."

Bibi alifungua kifurushi mwenyewe, akakitandaza chini mbele yetu. Kulikuwa na kopo dogo la ugoro, kipande cha sabuni na soksi ya mtoto aliyoisahau mtu.

"Sijachukua," alisema. "Waliokuja bila kopo nao wamekunywa. Ndipo ulipokwenda."

"Tulikubaliana wasipewe!"

"Mlikubaliana ninyi. Ninayekaa nao ni mimi. Mwenzake anakunywa, yeye anamtazama mdomo. Mlitaka nimgeuzie uso ukutani?"

Ndani mtoto mmoja alikuwa akigonga kikombe chake cha bati kwa furaha kabisa.

"Basi wasije," mwenyekiti alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi si tajiri, Bibi. Kopo lile nimewanyima wa nyumbani ndipo nikalileta."

Nilihesabu vikombe vilivyopangwa, nikahesabu makopo ya Jumatatu, nikarudia. Hesabu ya Bibi ilikuwa sahihi. Ya mwenyekiti nayo ilikuwa sahihi. Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijaona tena hesabu mbili za haki zikigombana vile. Aliyekosekana pale alikuwa wa tatu, yule aliyekuwa akileta gunia la unga.

Waliokuwa na uwezo waliondoa watoto wao wiki ileile. Bibi akabaki na watoto wa wasio na kopo, na mdogo wangu. Mama aliendelea kupeleka letu, la tele, kwa ukaidi. Kopo moja ndani ya sufuria ile lilikuwa kama salamu tu. Halafu tukakuta kufuli jipya mlangoni. Shirika lilikuwa linaorodhesha majengo kwa ajili ya mnunuzi. Bibi alikuwa ameketi nje na kifurushi chake, akimsubiri kila mzazi amweleze kwa mdomo wake, asije mtoto akaachwa pale kwenye upepo. Alinisalimu Kigogo, mbukwa, kama siku zote. Alimpapasa mdogo wangu ufizi kwa kidole.

"Anaota ya nyuma huyu. Msimpe kitu kigumu."

Akapanda gari la kwenda kwao. Hilo ndilo lilikuwa tangazo la kufungwa kwa kituo. Halmashauri ilikuwa imepunguza mzigo, na sina shaka mahali fulani kwenye makaratasi ulionekana umepungua kweli. Mimi nilijua umehamia wapi. Ulikuwa na meno manne mbele na unaota ya nyuma.

Haukupita muda mwenyekiti akafungua shule ya vidudu, ya watoto wadogo, uani kwake. Ukuta ulipakwa rangi, zikaandikwa herufi, kukawa na ada ya kila mwezi, sare ya miraba na kijana aliyemaliza kidato cha nne akifundisha kuimba kwa Kiingereza. Tulikwenda Jumamosi, mama, mimi na mtoto. Mama aliniacha niseme. Alikuwa na mikono ya kazi, mdomo wa nyumba ulikuwa wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae."

Nilianza kwa kusifia ukuta. Kisha nikasema, "Mama, huyu wetu hali sana, na mchana kutwa analala. Ukimhesabu vizuri ni kama nusu mtoto."

Alicheka mpaka funguo zikalia. "Kwangu hapa sina bei ya nusu mtoto."

"Nikuletee maji basi. Ndoo mbili kila jioni."

"Ninaletewa na mkokoteni."

"Mama akushonee turubai la kivuli. Hapa mchana jua litawachoma."

Aliangalia uwanja wake. Nilimwona anataka. Mtu anayetaka huwa anahamisha mguu, na yeye alihamisha.

"Turubai ningelipenda," alisema polepole. "Lakini nikimpunguzia huyu, kesho wote watakuwa mlangoni hapo. Nami nitaanza kuongeza maji. Mlikuwepo, mliona."

"Kila bei ina mlango, mama."

"Hii haina, mwanangu. Yule kijana ananidai mshahara kila mwisho wa mwezi. Angekuwepo wa kunipa hata gunia, ningemchukua huyu bure, wallahi."

Alitupa maji ya kunywa, akatusindikiza mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimezoea kwamba mtu akikukatalia ni kwamba hujafika kwenye bei yake. Siku ile nilimwona mtu aliyetaka kuuza na sisi tuliotaka kununua, na biashara haikuwezekana.

Nikaenda kwa mwalimu wa darasa. Aliniangalia, akamwangalia mtoto, akasema, "Mlete. Akilia, toka naye." Alilia. Alikuwa na kipaji cha kulia kwenye hesabu za sehemu. Tukifika kwenye kutafuta asili ya pamoja, alikuwa ameshaanza. Nilijifunza jiografia nikiwa nje ya dirisha, nikitikisika mguu huu na mguu huu, na nusu ya nchi yangu mpaka leo naijua kwa kusikia tu. Wenzangu walimpenda mwanzoni, wakamwita Mwalimu Msaidizi. Baadaye wakachoka. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia neno la haki, kwamba shule si kituo cha kulelea watoto. Kituo kilikuwa na kufuli.

Jumapili moja mama alikuwa anafua uani, mimi nasuuza. Hakuniangalia.

"Nipunguzie, mwanangu."

Nilielewa. Hakuhitaji kueleza.

"Kiasi gani?"

"Mwaka huu. Mwakani utarudia la saba, mtoto atakuwa ameshakuwa mkubwa."

"Mwakani kuna mchango mwingine wa dawati."

"Nitalipa."

"Mama, hata wa mwaka huu haujakuachia upumue."

Alikamua shuka mpaka likanyooka kama kamba. Nikaona nikisema hapana, ataacha kazi, na nikisema ndiyo, nimeacha shule. Kwa hiyo nikafanya nilichokijua. Nilimwambia nitakaa nyumbani na mtoto, lakini mtihani ni wangu. Jina limeshapelekwa, namba ninayo. Siku mbili za mtihani yeye ataomba ruhusa kazini, akae na mwanawe.

"Siku mbili," mama alisema.

"Bila kufuta."

"Bila kufuta." Akanipa mkono wenye povu, tukashikana kama watu wa mnadani.

Nilisomea nyumbani kwa daftari la rafiki, ambalo nililipata mchana na kulirudisha jioni. Nilikuwa naweka karanga tano mbele ya mdogo wangu nikimfundisha kutoa, naye akatoa zote kwa kuzila. Nilimtafunia kila moja kwanza, kwa ajili ya meno. Sehemu nilizielewa hatimaye, uani, bila mtu kulia. Nilianza kuamini kwamba nitaufanya mtihani ule vizuri.

Alasiri ya kuamkia mtihani likabandikwa tangazo kwenye lango la karakana. Mnunuzi amepatikana. Kesho na keshokutwa ni uhakiki wa wafanyakazi, mtu kwa mtu. Asiyekuwepo atahesabiwa hayupo. Mama alikuwa ameshapewa ruhusa yake, kwa mdomo, na aliyempa ruhusa naye alikuwa anakwenda kuhakikiwa. Alinieleza yote akiwa amesimama mlangoni, kandambili miguuni, kama mgeni.

"Kwa majirani?" aliuliza, ingawa alijua. Nkuhungu ile kila mlango ulikuwa na wa kwake wa kubebwa tangu kituo kifungwe, na kila mama alikuwa na mahali pa kuwahi.

"Nenda naye," alisema mwishowe. "Labda watamwona ni mtoto."

Walimu wetu walikuwa wamepelekwa kusimamia shule nyingine, ndivyo ulivyokuwa utaratibu, ili mtu asisaidie wa kwake. Kwa hiyo asubuhi ile shule yangu ilikuwa imejaa watu nisiowajua: askari getini na msimamizi mlangoni, mwalimu mzee kiasi, mwenye miwani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Huyo nani?"

"Mdogo wangu. Hana wa kubaki naye."

"Mama yenu?"

"Yuko Kizota, anahakikiwa."

Alitaka kutabasamu, akaona sitanii. "Binti, humu anaingia mwenye namba. Huyu hana."

"Nitakaa dawati la mwisho, karibu na mlango."

"Akilia?"

"Halii."

Alinitazama jinsi mnunuzi mzoefu anavyotazama muuzaji. Nilikuwa na sura ya uongo, nadhani, au labda alikuwa na watoto wake.

"Mrudishe nyumbani uje mbio. Nitachelewa kufunga, nitachelewa kadiri nitakavyoweza."

"Nyumbani hakuna mtu, mwalimu."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alichelewa kweli. Alipanga karatasi, akazipanga tena, akawaambia wenzangu wakague majina yao, akawaambia wakague upya. Halafu akafunga mlango, taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

Nilisimama dirishani. Dawati langu lilikuwa la tatu kutoka nyuma, nalijua kwa picha ya mwanzi iliyochorwa na aliyelikalia kabla yangu. Juu yake waliweka karatasi, kifudifudi, na haikuguswa.

Na mdogo wangu alilala. Yule aliyelia kwenye sehemu, aliyelia kwenye jiografia, alilala mgongoni kwangu tangu mlango ulipofungwa, shavu limebanwa kwenye bega langu, akipumua kwa mdomo. Hakukohoa. Hakugeuka. Msimamizi alikuja dirishani akamtazama, akaondoka, baadaye akaja tena akamtazama. Sote wawili tulimtazama yule mtoto asiyelia. Lakini mlango ukishafungwa haufunguliwi, hiyo ni sheria ya mtihani kila mahali, na sikumwomba. Aliamka kalamu zilipowekwa chini.

Jioni nilikaa kizingitini nikimwona mama akija kutoka mbali. Alikuwa anatembea haraka, kifurushi mkononi, na nilimwona alipotuona: mwendo ukapungua, akamalizia njia kama aliyebeba ndoo.

"Wamenibakiza," alisema. Alisema kama anayeomba radhi. "Wewe?"

"Hawakumtaka mtoto."

"Kesho?"

"Wa kesho hausaidii bila wa leo. Na wewe kesho?"

"Kesho kila mtu asimame kwenye mashine yake."

Alimfungua mdogo wangu kutoka mgongoni kwangu, akamkalisha mapajani, akakaa naye muda bila kuvua kanga. Kifurushi kilikuwa nyama, nusu kilo, imefungwa kwenye gazeti. Alikuwa ameinunua njiani, kwa kubakizwa, kabla hajaniona. Tuliipika, maana isingengoja. Mama alinipakulia vipande vingi kuliko vyake. Nikavihesabu, nikavigawa upya, nikarudisha vilivyozidi kwenye sahani yake. Akavirudisha kwangu. Nikavirudisha. Mwishowe aliyevila ni mdogo wangu, tumevitafuna kwanza tukamtilia mdomoni, yeye na meno yake machache.